Pembe ya Chandarua Isiyoshonwa

Jumatatu iliyopita niliamka, nikachemsha maji, nikasugua mikono kwa brashi na sabuni mpaka viwikoni, kisha nikasimama katikati ya uwanja nimeiinua juu, nikingoja mtu aje anivishe kanzu. Jirani yangu hapa Mudzipela, Bunia, alikuwa anaanika mihogo. Aliniangalia kwa muda, akaniuliza kama naombea mvua. Ndipo nikakumbuka kwamba nimestaafu tangu Ijumaa.

Kwa hiyo nina muda wa kuandika. Esperance, aliyenirithi kule bloku, yaani chumba cha upasuaji, ameniomba niwaachie ninyi wadogo zangu maneno machache kuhusu kazi ya kushika vyombo. Vyeo na mishahara sitavigusa. Sijawahi kuona cheo kikizuia damu. Nitaandika kuhusu uzi, chandarua, mkasi wa muzee Uketha, na uongo mmoja nilioandika kwa mkono wangu ambao nusura umuue mtu mwema. Mambo ya kujisifu yapo pia, na nimeamua kutoyaficha.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vipya vya visigino. Muzee Uketha aliviangalia viatu kabla ya kuniangalia mimi. Alikuwa mtu wa Mahagi, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, na alikuwa ameshika vyombo vya upasuaji tangu kabla sijazaliwa. Akanipa sapatu za plastiki na rundo la kompresi, vile vitambaa vya kunyonyea damu, akasema neno moja tu: "Kunja." Nilikunja wiki nzima, na ya pili. Siku ya kumi nikajipa moyo, nikamuuliza nitashika mkasi lini.

"Siku mikono yako itakunja bila macho kuangalia," alisema. "Kwa sasa macho yako iko inafanya kazi ya mikono. Macho ni ya kuangalia dokta."

Nilikasirika sana. Nilikuwa na diploma yenye muhuri, na mama yangu alikuwa ameitembeza kanisani kila mtu aione. Lakini siku ya kumi na sita nilijikuta nikikunja huku nikimtazama daktari anavyofunga fundo, na muzee akanipa mkasi. Si mkasi wake. Ule wake ulikuwa mrefu, umepinda kidogo nchani, na alikuwa akiunoa mwenyewe kwa jiwe la mtoni alilolitoa kwao. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hata madaktari waliuomba kwa adabu.

Jambo kubwa alilonifundisha ni kuita nyuzi. Mnalifanya mpaka leo, na wengine mnalifanya kwa kunung'unika, najua. Kabla ya kisu, mshika vyombo anagusa kila uzi ulio mezani kwa kidole, anautaja kwa sauti na kuujibia mwenyewe: "Katguti, iko. Hariri, iko. Nailoni ya kwanza, iko. Nailoni ya pili, iko." Mpaka orodha iishe, ngozi haiguswi. Madaktari wapya walicheka. Muzee aliwaacha wacheke mpaka wachoke, kwa sababu kisu kilikuwa mkononi mwake na yeye hakuwa na haraka. "Uzi unaulizwa mbele ya ngozi," aliwaambia. "Ukiuliza nyuma, mugonjwa njo atakujibu."

Kisha vita vikapita juu ya mji wetu, na makasha ya vifaa yakaacha kuja. Sitasimulia vita, kila nyumba ya Bunia ina vita vyake. Nitasema tu kwamba nyuzi ziliisha, na muzee Uketha akaenda sokoni kutafuta uzi wa nailoni wa wavuvi, ule unaotoka Kasenyi ukiwa umevingirishwa kwenye kijiti. Aliuvuta, akauuma kwa meno, akaufunga mafundo mbele ya muuzaji mpaka yule bwana akaudhika. Tuliuosha, tukauchemsha, tukaupika kwenye otoklavu, chungu kikubwa cha mvuke tulichokiwasha kwa makaa. Ulishona vizuri kuliko nyuzi za makasha. Nawaambieni hili ili siku kasha likichelewa msikae mkilia.

Baadaye kidogo, bunduki ziliponyamaza nusu nusu, siku ambazo watu walirudi mashambani mchana huku masikio yakiwa barabarani, alitujia daktari mgeni kwa miezi kadhaa. Tumwite Dokta Mathias. Alikuwa mrefu hata taa ya bloku ilimgonga kila asubuhi, na Kiswahili chake chote kilikuwa "pole" na "sasa". Yeye alituonyesha kwamba chandarua cha kawaida kisichotiwa dawa ya mbu, kikifuliwa na kupikwa vizuri, kinaweza kushikilia nyama ya mtu pale inapokosa nguvu. Tulianza na ngiri. Muzee Uketha alinusa kile chandarua, akakivuta pande zote, akasema kinafaa. Rangi yake ilikuwa ya waridi, na sikupata kuizoea ndani ya tumbo la mwanaume.

Ndipo akaletwa Zakaria. Alitoka upande wa Djugu, mkulima wa miaka thelathini hivi. Risasi ilikuwa imempitia kifuani kutoka upande mmoja mpaka mwingine, ikavunja mfupa wa kati na ncha za mbavu bila kugusa moyo. Kidonda kilikaa porini wiki nyingi kabla hajafika kwetu, na mfupa ulikuwa umeoza. Aliyempiga ni nani hatukuuliza. Kwenye mlango wa bloku watu walivua nguo zao, na maswali ya namna hiyo yalibaki nje pamoja na nguo. Mke wake, Mama Furaha, alikuwa amembeba kwenye kiti cha mbao yeye na kaka zake, na mabega yake yalikuwa yamechubuka.

Dokta Mathias aliondoa mfupa wote uliooza. Kilichobaki katikati ya kifua cha Zakaria kilikuwa shimo, na ndani ya shimo tuliuona moyo ukipiga chini ya utando wake. Nilikuwa na miaka kumi na minne kazini, na bado niliutazama kwanza, ndipo nikakumbuka vyombo. Mpango ulikuwa huu: chandarua kikunjwe mara mbili, kitandazwe juu ya shimo kiwe ukuta, kishonwe kwenye mbavu kuzunguka pande zote. Kisha ule msuli mpana wa mgongoni ulegezwe, upitishwe chini ya kwapa la kushoto pamoja na mishipa yake ya damu, uletwe mbele ukifunike chandarua kama blanketi. Juu yake ngozi.

Siku hiyo muzee Uketha hakuwepo. Alikuwa Mahagi kwenye matanga ya dada yake. Meza ilikuwa yangu peke yangu. Asubuhi nilikuwa nimepika kijiti kimoja tu cha nailoni, maana makaa yalikuwa yamebaki kidogo nami nilijiona mwerevu kwa kubana matumizi. Kijiti cha pili kilikuwa kabatini, kibichi. Nilipoita nyuzi nilisema, "Nailoni ya kwanza, iko. Nailoni ya pili, iko," na kidole changu kikagusa meza tupu.

Mwajua kilichofuata. Dokta Mathias alishona juu, akashona kulia, akashona chini karibu yote, akanyoosha mkono kuomba uzi, nami sikuwa na kitu cha kuweka kwenye ule mkono. Kupika kijiti cha pili kungechukua karibu saa nzima, na mtu wa usingizi, yule anayempa mgonjwa dawa ya kulala, alikuwa anatuambia presha inashuka. Ilibaki pembe ya chini ya kushoto, upana wa vidole vinne. Dokta Mathias aliitazama, akanitazama, akasema kwa Kifaransa chake cha polepole kwamba msuli utaishikilia, hakuna shida, lakini niandike kwenye protokole kwamba pembe hiyo haikushonwa. Protokole ndiyo ripoti ya upasuaji inayobaki kwenye kitabu. Akasema mtu mwingine akija kufungua kifua hiki siku moja, lazima ajue.

Niliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri. Nilipofika kwenye pembe nikasimama. Muzee Uketha alikuwa anasoma kitabu kila Jumamosi na miwani yake ya plasta, mstari kwa mstari. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja kazini, na kila mtu alijua atamwachia mmoja wetu ule mkasi. Angesoma "uzi uliisha", angeniuliza nani aliita nyuzi. Nikaandika: "Chandarua kimeshonwa kuzunguka pande zote." Dokta Mathias alitia saini bila kusoma, kwa sababu sikuwahi kumdanganya. Wiki iliyofuata alirudi kwao. Mwezi uliofuata muzee alinipa mkasi mbele ya watu wote, nikalia, na watu wakadhani nalia kwa furaha.

Zakaria alipona, akapona vizuri hata akaudhi. Hakurudi Djugu, alihamia hapa Mudzipela, akafungua kazi ya kutengeneza baiskeli na pikipiki, akawa anaimba besi kwenye kwaya ya kanisa. Kila mwaka baada ya mavuno alikuja bloku na kikapu cha viazi vitamu, akasimama mlangoni, akajipiga kifua kwa ngumi.

"Mama Antoinette, sikia," alisema. "Mustikere yangu iko nguvu. Hata mumbu haiwezi kuingia ku moyo."

Mustikere ndiyo chandarua kwa lugha yetu ya mtaani. Wote walicheka. Mimi nilikuwa naangalia ngumi yake inapiga wapi, na kila ilipoteremka kushoto nilitamani kuushika mkono wake. Viazi nilivila, lakini havikunishuka vizuri.

Miaka ikapita, na bloku ikawa mikononi mwangu. Nilikuwa mkali, sikatai. Hasa nilikuwa mkali kwa maandishi. Siku moja Esperance, wakati huo bado mpya, aliandika kompresi ishirini zimehesabiwa wakati hakuhesabu. Aliziona tu kwa macho. Nilimtoa mezani mwezi mzima. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba kitabu kikidanganya, mgonjwa hana wakili. Alilia. Usiku ule nililala vibaya, lakini adhabu sikuifuta. Mtu mwenye doa kwenye kanga yake ndiye anayekagua kanga za wenzake kwa makini zaidi, na mimi nilikagua.

Hazikuisha wiki sita tangu adhabu ile, Zakaria akaletwa kwa moto-taksi, pikipiki ya kukodi, amekaa katikati ya dereva na mke wake ili asianguke. Miguu ilikuwa imevimba, mishipa ya shingo imesimama, na hakuweza kwenda hatua tatu bila kushika ukuta. Akilala chali alikuwa anazama. Ekografi, yaani picha ya ultrasaundi, ilionyesha maji mengi kuuzunguka moyo, ndani ya utando wake, na moyo wenyewe umebanwa katikati hauna nafasi ya kujaa. Dokta Kasereka, daktari wetu wa upasuaji, kijana aliyesomea Butembo na mwenye mikono mizuri kuliko wote niliofanya nao kazi, alijaribu kuyatoa kwa sindano. Maji yalikuwa mazito, yenye nyuzinyuzi. Sindano ilitoa matone ikaziba.

Daktari aliona ni kifua kikuu kilichoingia kwenye utando, na dawa zake zilianzishwa siku ileile, lakini dawa zinataka miezi, na Zakaria alikuwa na saa. Ilibidi afunguliwe, utando ukatwe kidirisha, maji yatoke. Kwa mtu wa kawaida unapita chini ya mfupa wa kifua, kazi ndogo. Dokta Kasereka aliagiza kitabu cha zamani. Esperance akakileta, akasoma kwa sauti, tukiwa sisi watatu kwenye chumba cha kunawia: chandarua, msuli wa mgongoni, kimeshonwa kuzunguka pande zote.

Dokta Kasereka alikaa kwenye stuli.

"Basi haiko mulango," alisema. "Mustikere imefunga pande yote. Nikikata katikati yake, sijui fasi chandarua inaishia na fasi moyo inaanzia. Miaka yote hii inaweza kuwa imeshikamana. Nitapasua moyo na mukono yangu."

"Tumutume Kampala?" aliuliza Esperance.

"Ndege iko vendredi. Barabara weye unaijua. Hata Ijumaa yenyewe hatafika."

Nilisema naenda kuangalia otoklavu. Wakati huo otoklavu yetu ilikuwa ya umeme na haikuhitaji kuangaliwa na mtu. Nilitoka tu. Ninyi mnaosoma haya mnanijua kama mama asiyeogopa, basi jueni kwamba siku hiyo niliogopa. Nilijiambia labda nakumbuka vibaya. Nilijiambia labda pembe ilijifunga yenyewe, na nikisema nitampeleka daktari pabaya. Nilitafuta kila sababu ya kunyamaza, na kila sababu ilikuwa na sura ya Esperance akikunja kompresi mwezi mzima.

Kwenye korido Mama Furaha alikuwa amekaa sakafuni, na kitambaa cha mume wake magotini. Alisimama aliponiona.

"Mama Antoinette," alisema, "banasema barua ya zamani inakataza. Miye sijui barua. Weye njo ulikuwa mule ndani siku ile. Weye unajua kifua yake kuliko hata miye."

Nilimshika bega, lile lililowahi kuchubuka, nikageuka nikarudi ndani. Dokta Kasereka alikuwa bado kwenye stuli.

"Dokta, kile kitabu kinasema uongo," nilisema. "Mimi ndiye niliyeandika. Kona ya chini, upande wa kushoto, haikushonwa. Uzi uliisha mezani kwangu. Dokta Mathias alisema niandike, na mimi nikaandika kimeshonwa, kwa sababu niliona haya."

Esperance alikuwa ameshika kitabu. Hakukiweka chini wala hakuniangalia. Dokta Kasereka hakuuliza kwa nini. Aliuliza swali ambalo nitamshukuru nalo mpaka nife.

"Upana gani?"

"Vidole quatre. Vyangu mimi, si vyako."

"Onyesha."

Nilimchukua Esperance, nikamsimamisha ukutani, nikaweka vidole vyangu vinne chini ya titi lake la kushoto, pale mbavu zinapoanza kupinda. Nilimwambia daktari kwamba mishipa ya ule msuli inatoka juu kwapani, kwa hiyo ukingo wa chini wa msuli unaweza kuinuliwa bila kukatwa, na chini yake ataikuta pembe ya chandarua, yenye mkunjo wa mara mbili. Akiinua pembe, atakuwa mbele ya utando wa moyo. Niliona mambo hayo yote kama yalivyokuwa siku ile. Shimo lile halikuwahi kutoka machoni pangu.

"Una hakika?"

"Nimeishi na ile kona miaka kumi, dokta. Nina hakika nayo kuliko nilivyo na hakika na jina langu."

"Basi tuingie," alisema. "Mambo ya kitabu tutaongea kisha."

Tulimfanyia Zakaria akiwa amekaa nusu, maana kumlaza kungemuua. Alipigwa sindano za ganzi mahali pale na ketamini kidogo sana, kwa hiyo alikuwepo na hakuwepo. Nilivaa kanzu. Daktari alinyoosha mkono kwa kisu, na mimi sikumpa. Niliita nyuzi. Niliziita polepole, kidole juu ya kila pakiti, na nilipofika kwenye nailoni ya pili niliinyanyua juu Esperance aione. "Iko," alisema yeye kabla yangu.

Ngozi ilifunguka. Mafuta kidogo. Ukingo wa msuli ukatokea, mwekundu, wenye afya, na daktari akaingiza kidole chini yake akauinua. Hakukuwa na kitu ila kovu jeupe. Alisafisha kovu kwa ncha ya mkasi wa muzee, milimita kwa milimita, na mtu wa usingizi akatuambia presha imefika mahali ambapo hakutaka kuitaja. Kisha nikaona rangi ya waridi.

Nilikuwa sijawahi kuipenda rangi ile kabla ya siku hiyo. Pembe ilikuwa imejikunja juu kidogo, kama ukurasa wa kitabu uliosomwa mara nyingi. Juu yake na kulia kwake chandarua kilikuwa kimeshikana na mbavu hata usingejua ni uzi au ni mfupa. Pale tu, vidole vinne vyangu, palikuwa huru. Daktari aliishika kwa koleo, akaiinua, na nyuma yake ulikuwa utando, umevimba, unang'aa, unatetemeka.

"Mama Antoinette," alisema nyuma ya barakoa, "mulango iko."

Alikata. Maji yalitoka kwa nguvu, ya njano yenye utelezi, yakajaza chupa ya kunyonyea, tukabadilisha chupa, ya pili nayo ikaanza kujaa. Mtu wa usingizi alianza kusoma presha, na kila alipoisoma ilikuwa imepanda. Mishipa ya shingo ya Zakaria ilishuka mbele ya macho yetu. Alivuta pumzi ndefu, ya kwanza ndefu tangu alipofika, nami nilisikia furaha kubwa kiasi kwamba niliogopa nitaangusha koleo. Furaha hiyo sikuipata hata siku nilipozaa.

Daktari alikata kidirisha, akaweka bomba la kutolea maji yaliyobaki. Wakati wa kufunga nilikuwa na nailoni tayari mkononi, pakiti mbili kamili.

"Tushone kona sasa?" niliuliza.

Alifikiri. "Hapana. Tuiache wazi. Maji ikirudi, tutapita palepale. Esperance, andika kabisa, andika sasa, mbele yetu."

Esperance aliandika na kusoma kwa sauti: pembe ya chini ya kushoto ya chandarua haikushonwa, upana wa vidole vinne. Zakaria, ambaye tulidhani yuko mbali na ketamini yake, alifungua jicho moja.

"Andikeni muzuri," alisema. "Naweza kurudi."

Kesho yake asubuhi alilala chali kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, akakoroma, na Mama Furaha alikaa kando akimsikiliza kana kwamba anaimba. Dokta Kasereka aliniita ofisini. Alisema maneno machache na yote nilistahili. Kisha mimi mwenyewe nilifungua kitabu cha zamani, na chini ya ule mstari wa uongo, bila kuufuta, niliandika kwa kalamu nyekundu ukweli, jina langu na tarehe. Esperance alinishikia rula. Nilimwomba msamaha kwa ule mwezi. Alisema adhabu ilikuwa sawa, ila nami nikunje kompresi mwezi mmoja. Nilikunja. Mlioingia kazini wakati huo mlidhani nawapa mfano.

Jumamosi nilikwenda kwa muzee Uketha, mwendo mfupi kutoka kwangu. Alikuwa amezeeka sana, lakini plasta ya miwani ilikuwa mpya. Nilimweleza yote, kuanzia makaa mpaka kidole kwenye meza tupu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mugonjwa iko muzima?" aliuliza.

"Mzima, muzee. Anakula."

"Aksanti kwa Mungu. Leta makasi."

Nilikuwa nao kwenye mkoba, nilijua ataudai. Aliutazama, akajaribu makali kwa kucha, akaufunga ndani ya kitambaa na kuuweka kwenye sanduku lake. "Hii nilipatia mutu mwenye aliandika kweli," alisema. "Ule mutu bado sijamuona vizuri. Nitaangalia." Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisikutane na mtu. Nilifanya kazi miaka sita zaidi na mkasi wa kawaida wa bloku, na kila Jumamosi Esperance alikuwa anapita kwake kumsomea kitabu, maana macho yalikuwa yamechoka. Alisomewa kila mstari niliouandika. Sikuwahi kuambiwa alisema nini.

Ijumaa mliniaga kule bloku, na mlinipikia sombe nzuri ya majani ya mihogo na samaki wa Kasenyi. Hotuba zilikuwa ndefu. Katikati ya hotuba ya tatu, Zakaria aliingia mlangoni na koti lake la kwaya, bila kikapu cha viazi. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele, akanipa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa nilichokijua.

"Muzee Uketha amenituma," alisema. "Anasema bamemusomea yote. Anasema sasa ni yako kabisa, na weye mwenyewe utajua mutu wa kumupatia."

Nilikifungua kitambaa, mkasi ukang'aa; muzee alikuwa ameunoa. Nilimgeukia Esperance nikauweka mkononi mwake, na yeye akagusa meza tupu iliyokuwa mbele yetu, akasema kwa sauti, "Nailoni ya pili, haiko." Watu wa bloku walicheka mpaka wageni wakashangaa.

Nilimuuliza Zakaria ni moto-taksi gani iliyomleta haraka namna ile, maana alisema muzee alikuwa bado anaunoa saa nne, na saa nne ilikuwa imepita dakika chache tu.

"Moto ya nini?" alisema. Hakuwa anahema hata kidogo. "Nimekuja mbio, na miguu."